Kadi Mbili za Mwalimu Mbelwa

Mwanangu, ipo siku moja ambayo mkono wangu wa kushoto unaikumbuka vizuri kuliko kichwa changu. Ni siku niliyopigwa shoti na kompyuta iliyozimwa, iliyochomolewa, na mimi mwenyewe nimetoka tu kumwambia mwenye nyumba kwamba hakuna hatari yoyote. Nilirushwa nikakaa juu ya gunia la viazi. Lakini shoti siyo aibu yangu. Aibu yangu inakuja, na uisikilize, kwa sababu nyinyi mafundi wa siku hizi mnanichosha, na naona mnaelekea kule kule nilikopita mimi.

Kwanza unijue. Mimi ni darasa la saba, basi. Baba alisema kabichi hazingoji mtu amalize shule. Redio nilijifundisha mwenyewe kwa kuzifungua na kuzifunga, mpaka nikawa nazijua kwa mlio. Leo duka langu hapa Lushoto mjini lina ghorofa, na mtu akikwama na mashine yake kuanzia Soni mpaka Mlola anaambiwa aje kwangu. Wenye diploma wananiletea kazi zilizowashinda, tena wanapitia mlango wa nyuma wasionekane. Sijisifu. Nasema ilivyo.

Wakati ule nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na kiburi cha watu watatu. Mwalimu Mbelwa wa Gare akaniita. Alikuwa mwalimu mstaafu na katekista, mtu mrefu, mpole, anayeongea kama anapima kila neno. Padre mmoja wa Ulaya, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kompyuta ndogo, ya zamani hata kwa wakati ule. Mwili na kioo ni kitu kimoja, kimo chake kama debe, na kioo chenyewe si kikubwa kuliko kitabu cha nyimbo kikifunguliwa. Nyeusi na nyeupe tu. Ndani ya mashine hiyo Mwalimu alikuwa ameandika maneno ya Kishambaa na maana zake, miaka na miaka, kutoka midomoni mwa wazee ambao wengi walikuwa wameshazikwa. Kuandika alikuwa amemaliza. Kilichobaki ni kusahihisha.

Na macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alishamwambia wazi kwamba hayatarudi, yanakwenda tu, na kama ana kazi ya macho aiwahi.

Padre aliposikia akatuma boksi. Ndani mlikuwa na skrini kubwa, na kadi ya picha, yaani kibao cha kijani unachokipachika ndani ya kompyuta ili picha itoke nje kwa waya mpaka kwenye skrini kubwa. Kadi ikifanya kazi, Mwalimu anaona herufi na anamaliza kitabu. Isipofanya, hamalizi. Ilikuwa nyepesi hivyo kuelewa, na mimi nilielewa.

Nikafika asubuhi. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, kijana. Karibu. Kunywa chai kwanza."

"Chai baadaye, Mwalimu. Hii ni kazi ya nusu saa."

Mke wake, Bibi Agnesi, alikuwa anamenya viazi mlangoni. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele. "Nusu saa! Mimi viazi hivi tu vinanichukua saa nzima, na havina waya."

Parafujo za mashine ile zilikuwa zimezama ndani sana, na vichwa vyake ni vya nyota. Hakuna bisibisi Lushoto nzima iliyoweza kuzifikia. Mimi nikachukua spoku ya baiskeli, nikaisugua kwa tupa mpaka ikawa na ncha ya nyota. Nani mwingine angefanya hivyo? Niambie. Nikafungua. Ndipo nikashika nyuma ya kioo, mahali ambapo umeme unabaki umejificha hata ukishachomoa waya, na ndipo nikakalishwa kwenye gunia.

"Fundi," akasema Bibi Agnesi bila kuacha kumenya, "kama ulitaka kukaa ungesema tukupe kiti."

Nikainuka, nikajifanya nacheka. Kwenye boksi la kadi mlikuwa na vitu vingine viwili, karatasi ya maelezo na disketi, kile kibapa cha plastiki cha kutunzia kumbukumbu za kompyuta. Mwalimu alipapasa boksi, akaipata karatasi, akaisogeza mpaka puani, akaigeuza huku na huku. Halafu akaninyooshea.

"Mimi sioni tena maandishi madogo. Inasemaje?"

Nikaishika. Ilikuwa Kiingereza, mstari kwa mstari, imejaa pande zote mbili. Mwanangu, Kiingereza changu kilikuwa kile cha kwenye betri za redio, nikijua plasi na mainasi. Lakini hapo nimeshajiita fundi wa kompyuta, nimeshakataa chai, nimeshapigwa shoti mbele ya mwanamke. Nikaikazia macho kwa muda unaofaa, hata midomo nikaichezesha. Nikasema, "Ni maelezo ya kawaida tu, Mwalimu. Haya yote nayajua."

"Na hiki?" akauliza Bibi Agnesi, ameshika disketi.

"Hicho ni cha kukaza mzigo usitikisike njiani."

Akaiweka mezani, na baadaye akafunikia kikombe cha maziwa, inzi wasiingie.

Kadi nikaipachika. Iliingia vizuri, ikalia tik. Nikaunga waya, nikawasha kompyuta, halafu nikawasha skrini kubwa. Kioo kidogo kikaamka kama kawaida yake. Skrini kubwa, giza.

Nikazima, nikawasha. Giza. Nikaitoa kadi, nikasugua pini zake kwa msasa. Giza. Nikabadili waya, nikagonga ubavuni kama tunavyogonga redio, nikapuliza, nikalehemu mahali ambapo hapakuwa na kosa lolote. Nusu saa ikawa siku nne! Kila siku napanda Gare, kila siku naukuta wali umeshapikwa kwa ajili yangu, na kila siku Mwalimu amekaa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza kwenye skrini, anauliza taratibu, "Imewaka?" Nakuambia, sauti ile ilinikera kuliko matusi. Nilikasirikia skrini, nikakasirikia kadi, nikamkasirikia padre aliyetuma takataka. Yule mwenye kosa peke yake ndiye sikumkasirikia.

Siku ya nne nikakunja vifaa. "Mwalimu, kadi hii imekufa. Ilikufa huko huko njiani. Mwandikie padre alete nyingine."

Kisha akasema, "Barua kwenda na mzigo kurudi ni miezi, kijana."

"Hakuna njia nyingine," nikasema. Mimi! Nilisema hivyo na karatasi ikiwa mfukoni mwangu.

Ilikuwa miezi mitano. Kadi ya pili ilipofika nikaitwa tena, na nilipofika mlangoni nikaona Mwalimu anatafuta mkono wangu hewani ili anipokee salamu. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa. La kulia lilikuwa linabagua mwanga na kivuli, na vitu vikubwa akivikaribia.

Nikapachika kadi ya pili. Tik. Nikaunga, nikawasha. Giza lile lile.

Nikaanza kusema, "Mwalimu, na hii nayo..."

"Subiri," akasema. "Kadi mbili, kutoka nchi moja, zimefia nyumbani kwangu? Kaa chini. Ipo karatasi?"

"Ipo. Ni ile ile."

"Isome."

"Mwalimu, ni maelezo ya..."

"Sikukuuliza ni maelezo ya nini. Soma, nami nisikie."

Nikaikamata kwa mikono miwili. Nikasafisha koo. Hata kuku nadhani walikuwa wanasikiliza. Bibi Agnesi akaacha alichokuwa anafanya, akanitazama paji la uso.

"Fundi, mbona unatoka jasho? Unasoma au unalima?"

Hapo ndipo nilipoishiwa. "Mwalimu, mimi Kiingereza sijui. Sikujua hata ile siku ya kwanza."

Nilitegemea anifukuze. Ningekuwa mimi, ningemfukuza mtu wa namna hiyo na bisibisi yake ningemtupia. Mwalimu alijifuta jicho lile lililobaki kwa leso. Halafu akasema maneno ambayo hakuna chuo kingenifundisha.

"Nani alikuuliza kama unajua Kiingereza? Kiingereza ninacho mimi, nimekifundisha miaka thelathini. Nilichokuomba ni macho. Wewe unaziona herufi na huzijui maana, mimi maana ninajua na herufi sizioni. Tulikuwa fundi mmoja kamili ndani ya chumba hiki, kijana. Ukatugawanya kwa sababu ya haya."

Bibi Agnesi hakutia neno. Hilo ndilo liliniuma zaidi, maana yule mama hakuwa mtu wa kukosa neno.

Basi nikaanza kumtajia herufi moja moja, kama mtoto wa chekechea. Yeye anaunganisha, anatikisa kichwa, anasema, "Endelea." Karatasi ile ilisema mambo mawili tu ya maana. Kwamba skrini kubwa iwashwe kwanza, kabla ya kompyuta, la sivyo kadi haitajua kama ipo. Na kwamba ndani ya disketi mna programu ambayo lazima iingizwe kwenye kompyuta, ndipo iitambue kadi. Mimi nilikuwa mtu wa redio. Redio ukishaunga waya inaongea. Kompyuta ile ilitaka kuambiwa kwanza, na maneno ya kuiambia tulikuwa tumefunikia maziwa miezi mitano.

Tukaingiza disketi mpya, iliyokuja na kadi ya pili, nikabonyeza anapoelekeza. Tukazima. Tukawasha skrini kubwa kwanza, kisha kompyuta. Ikachukua muda wa kukufanya utubu. Halafu ukuta mzima wa chumba ukawa mweupe kwa mwanga.

Mwalimu akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Nikamkuzia herufi, kubwa kama za bango la duka. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akalisoma kwa sauti. Akalisoma tena. Bibi Agnesi akaingia jikoni, na mimi nikasikia anapenga kamasi.

Lile jicho moja lilimfikisha kwenye M. Baada ya hapo hata herufi za bango hazikumsaidia. Mimi nikawa napanda kila Jumapili baada ya misa, namsomea maneno yaliyobaki, kwa Kishambaa chetu ambacho hakikunitoa jasho, naye anasahihisha kwa mdomo. Tukafika P. Masika yalipoanza akaugua kifua, na hakunyanyuka tena.

Kitabu kipo, kilipigwa chapa nakala chache, utakikuta kwa watu wa Gare. Kuanzia mwanzo mpaka P huwezi kupata kosa. Kuanzia hapo mpaka mwisho kimejaa makosa. Vijana wanaosoma vyuoni wanakifungua, wanacheka, wanasema mzee alikuwa anachapia. Nimewahi kuwasikia wakisema hivyo mbele yangu, na nikawaambia palepale, yale siyo makosa ya Mwalimu Mbelwa. Yale ni makosa yangu mimi, ya miezi mitano.

Kwa hiyo mwanangu, usinijie hapa dukani na kompyuta kuukuu ya watu na kadi uliyoilazimisha kwa nyundo, ukaniambia umeshaelewa, bosi. Umeelewa nini? Uliangalia video ya lugha usiyoijua, ukafuata mikono ya mtu. Mwenye mashine akikuuliza karatasi inasemaje, na hujui, mwambie hujui, hapo hapo, chai ikiwa bado ya moto. Utaona haya kwa dakika mbili. Mimi nilizikwepa dakika hizo mbili, nikazilipia kwa macho ya mtu mwingine. Pachika kadi ukishajua inataka nini. Na uyaulize macho ya wenzako, na masikio yao, na shule yao, maana fundi anayejitosheleza mimi sijamwona bado, na nimewaona wengi, nikiwemo mimi mwenyewe ambaye ni bora kuliko wengi wao.

Nenda sasa. Mungu akujalie mikono mitulivu, akulinde na umeme uliojificha, na siku ukiulizwa usilolijua mbele za watu, akufungue kinywa useme ukweli kabla hujajikohoza. Ukae salama katika milima hii, na wanaokutegemea wakukute unawaambia kweli. Amina.