Aliyemwangusha Wendell Tiedeman

Delbert Kruse aliuza vipuri vya matrekta katika mji mdogo wa Nebraska, na ndoto yake ilikuwa kiti cha ubunge. Siku moja alimweleza ndoto hiyo rafiki yake Wendell Tiedeman, mfuga nguruwe mwenye sauti nzuri ya kanisani. Wendell akasikiliza vizuri, kisha akagombea yeye. Chama cha Republican kikampokea, wapiga kura wakamchagua, akaenda zake Washington.

Tangu hapo kijicho kilimkaa Delbert rohoni. Kila uchaguzi alipigilia mabango ya Wendell mbele ya nyumba za watu huku akitabasamu, na nyundo aliishusha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Wendell alipinga kodi, alitetea bunduki, na mabalozi aliwadharau. "Wanalipwa kunywa divai na kuinama," alikuwa akisema, na watu wakicheka. Delbert hakucheka, mzaha ule aliutunga yeye.

Mkewe, Norma, alimjua. "Mwenye wivu ajinyonge, Delbert. Ila kamba ununue kwa pesa yako."

Hakujinyonga. Mwaka mmoja wakili kijana alijitokeza kushindana na Wendell ndani ya chama chenyewe, na Delbert akaanza kuzunguka mkahawani, meza hadi meza, kwa wakulima waliokuwa wakinywa kahawa.

"Simsemi vibaya, jamani, ni rafiki yangu. Lakini buti zake mmeziangalia? Zina tope hata kidogo?"

Maneno yakasambaa mashambani, na Wendell akaanguka. Delbert akalala usingizi mtamu: sasa mwenzake angerudi kwa nguruwe, wawe sawa. Lakini aliyepewa kapewa. Rais hakutaka mtu wake mwaminifu akae bure. Akamteua balozi nchini Denmark, na Seneti ikamthibitisha.

Wakamuaga katika ukumbi wa kanisa la Kilutheri, kwa tambi za kuoka na nyama.

"Na wewe utainama?" mzee mmoja akamchokoza.

"Nitainama, na divai nitakunywa," Wendell akajibu, ukumbi ukacheka. Kisha akamshika Delbert bega. "Ndugu yangu, nilipoanguka nililia. Leo hii, ningemjua aliyenichongea kwa wakulima, ningempa kazi ubalozini, twende wote."

Wivu ukampanda Delbert.

"Wendell, yule mtu..."

Norma akamkanyaga mguu. Delbert akamtazama mkewe, akamtazama balozi, akauchomoa mguu wake.

"Ni mimi," akasema. "Tunaondoka lini?"