Ukucha wa Yaya Bauma

Mwanangu, maana nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, iko siku moja inayonijia hata nikiwa katikati ya kumenya viazi. Ilikuwa Jumapili asubuhi, nimekaa mbele ya kibanda chetu cha turubai kule kambini, upande wa Lac Vert, pembeni mwa Goma, wembe mkononi, nautazama ukucha wa kidole gumba changu cha kulia kana kwamba ni mtu ninayeagana naye. Usicheke. Au basi cheka kidogo, kisha unisikilize, maana juzi nilikuona kanisani umeshika gitaa la besi, na kucha zako niliziona kutoka benchi la akina mama, na mimi miwani yangu nilikuwa nimeisahau nyumbani.

Nianzie Masisi, kwetu. Kanisa letu halikuwa na umeme. Kaka yangu Bauma, niliyemwita yaya kama tunavyowaita wote waliotutangulia kuzaliwa, alijitengenezea besi kwa sanduku la mbao, na nyuzi zake zilikuwa nyaya za breki za baiskeli. Waya wa breki hauna huruma na ngozi. Ukiupiga kwa nyama ya kidole unachubuka kabla ya ubeti wa pili, na hata ukivumilia, sauti inabaki humohumo sandukuni na ngoma zinaimeza. Ndiyo maana wapiga besi wa milima ile wote walifuga ukucha wa kidole gumba. Huo ulipogonga waya, hata wazee wa benchi la nyuma waligeuza vichwa.

Yaya aliutunza ukucha wake kuliko viatu vyake. Jioni aliupaka mafuta ya ng'ombe, na mama akawa anamuuliza kama ana mpango wa kuchimbia viazi. Alikuwa mrefu, mpole, mvivu kidogo wa kazi za shambani. Akipiga alifumba macho na kuinamisha kichwa, kama anasikiliza mtu anayemnong'oneza. Mimi nilijifunza kwa kukaa karibu naye. Msichana kupiga besi halikuwa jambo la kawaida, na wapo waliosema nitakosa mume. Mume nilimpata, mnamjua wenyewe, na mnajua anavyokoroma wakati wa mahubiri.

Vita vilipofika kwetu tuliteremka na wenzetu kuelekea mji wa Sake. Bibi yetu alishindwa kutembea. Yaya aliiweka besi yake chini kando ya njia, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akambeba bibi mgongoni, akaniambia, "Furaha, tangulia na mama. Niko nyuma yenu." Mara risasi zikalia upande wa juu, watu wakatawanyika kwenye migomba, na tulipofika Sake hatukumwona yeye wala bibi. Tulingoja. Tulimuuliza kila aliyekuja. Mwisho wimbi la watu likatusukuma mpaka Goma, mimi na mama tu.

Maisha ya kambini sitakusimulia, mengine uliyaona mwenyewe ukiwa mdogo. Nitakwambia tu kwamba nilitafuta kanisa lenye besi kabla sijatafuta godoro. Nililipata Katindo, mtaa wa mjini Goma. Kiongozi wa korali alikuwa Muzee Kasereka, ambaye watu wote walimwita Maestro. Alikuwa mwembamba, amevaa koti hata kwenye jua, na hasira yake ilikuwa karibu sana na mdomo. Mpiga besi wao alikuwa amehamia Kampala. Aliponisikia nikisema najua kupiga, alinitazama kutoka juu mpaka chini, akanipa gitaa.

Lilikuwa gitaa la umeme, la kwanza kulishika maishani. Nyuzi zake zilikuwa nene na laini, na mbele yake palikuwa na ampli, kile kisanduku cha kukuza sauti, kikipata umeme wa jenereta iliyokuwa ikikohoa uani. Kwa gitaa la namna hiyo, mwanangu, hakuna haja ya ukucha hata kidogo. Ampli inasikia kila kitu. Inasikia uzi, inasikia kidole, na ukucha ukitangulia kugusa, inausikia ukucha kwanza na kuutangaza kwa kanisa zima.

Lakini mimi nikaufuga. Niliufuga kambini, mahali ambapo kila kazi inavunja kucha: maji, kuni, sufuria, na yale mawe meusi ya volkano yanayokwaruza kila kinachoyagusa. Vyombo nilioshea mkono wa kushoto. Siku ulipopasuka nilimwomba fundi wa viatu tone la gundi, nikauunga. Mama alinitazama akatikisa kichwa. Alijua nilikuwa nafanya nini, na hakuwa na moyo wa kunikataza.

Kwa sababu nilimtaka yaya arudi, ndiyo hivyo. Nilipogonga uzi kwa ukucha na kusikia ule mlio mkavu, kwa muda mfupi ilikuwa kama amekaa pembeni yangu ameinamisha kichwa. Kisha ikatangazwa kwamba kutakuwa na makutano ya korali kanisani kwetu Katindo, na kwamba watu wa Masisi wote waliotawanyika watakuja, wa kambini, wa mjini, hata waliokimbilia kaskazini kule Kalengera. Nikajisemea: kama yaya yuko hai, atakuja. Na yaya kanisani haangalii watu, hufumba macho akasikiliza. Atausikia ukucha wake, atajua dada yake yuko hapa. Ule ukucha ukawa ndio sauti yangu ya kumwita, na sikuwa na nyingine.

Jumamosi tulikuwa tunafanya mazoezi ya mwisho. Tulianza wimbo, na mimi nikapiga kwa nguvu zangu zote. Ka, ka, ka. Sauti za akina mama zikayumba, mpiga ngoma akapotea, akanitazama vibaya. Maestro akapiga makofi kutusimamisha.

"Furaha, mutoto yangu," akasema, "weye unapiga gitare, ao iko kuku inadonola mabati?"

Korali nzima ilicheka. Mimi sikucheka.

"Leta mukono." Akaushika, akaugeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha. "Angalia. Kucha inapita nyama. Njo inagusa uzi ya kwanza, na sauti ya gitare inakuya nyuma, imechelewa. Na tena inakwama, inavuta uzi. Juu ya ile, ngoma inapotea. Kesho batu batajaa hapa. Kata."

"Siwezi kata, Papa."

"Juu ya nini?" Alitaka kujua sababu.

Nikamweleza, mbele ya wote. Nikamwambia habari za yaya, za waya wa breki, za njia ya Sake. Kicheko kikaisha. Maestro akawatuma wengine nje wakanywe maji, akakaa juu ya ampli. Nilidhani amelainika. Hakulainika hata kidogo.

"Yaya yako alikuwa mupiga besi muzuri?"

"Muzuri sana, Papa."

"Basi kama Mungu alimuchunga na iko fasi fulani, kule alishapata gitare ya umeme. Unawaza bado anafuga ile kucha? Mupiga besi muzuri anaikata siku ya kwanza. Weye unamungojea mutu wa zamani, mutoto yangu. Yeye, kama anaishi, alishabadilika."

Tangu Sake, kila nilipomfikiria, nilimwona vilevile: shati lilelile, ukucha uleule, bibi mgongoni. Haikunijia hata mara moja kwamba na yeye siku zake zilikuwa zinakwenda.

"Na akiingia hapa kesho," Maestro akaendelea, "anatafuta dada yake, ao anatafuta kucha?"

Nilimchukia, mwanangu. Nilitoka bila kuaga, nikatembea njia yote ya kurudi kambini nikimtukana kimoyomoyo, koti lake na jenereta yake. Nilisema sitakata, na kesho nitabaki kibandani, na korali itaimba bila besi, tuone. Lakini kubaki kibandani maana yake ni yaya kuja Katindo na kunikosa. Hapo ndipo nilipobanwa.

Ndiyo nikajikuta Jumapili asubuhi nimekaa na wembe. Nilikata. Nililia nikikata, nikalia kwa sauti kama mtoto, na jirani akatoa kichwa kuuliza nani amekufa. Mama, mtu wa sala asubuhi na jioni, alikiokota kile kipande cha ukucha akakifukia kwenye ufa wa mawe, asije mtu akakiokota na kukitumia kuniloga. Tukavaa, tukaenda.

Nikwambie ukweli, kwa hasira nilikata mno, mpaka ngozi ya chini ikawa wazi. Kila nilipogusa uzi niliungua. Lakini wimbo ulipoanza, nyama ya kidole ikaukalia ule uzi, ikausukuma, ikauachia, na sauti ikatoka nzito na ya mviringo, haina kelele mbele yake. Niliisikia kwenye nyayo zangu. Ngoma ikakaa mahali pake, akina mama wakaegemea juu yetu wakaimba, na kanisa likasimama. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti ile. Haikuwa ya yaya. Ilikuwa yangu, na nilishangaa kwamba ninayo.

Macho yangu, hata hivyo, yalikuwa mlangoni. Kila mwanaume mrefu aliyeingia, moyo uliruka. Walikuja watu wa Masisi wengi, wakapata wengine wajomba zao, wengine watoto wao, na vilio vya furaha vilikuwa pale uani mpaka jua likageuka. Mama mmoja wa kijijini kwetu alinikumbatia akanishika uso kwa mikono miwili. Nikamuuliza habari za Bauma. Hakuwa nazo.

Yaya hakuja.

Watu walipotawanyika nilibaki nimekaa kwenye ngazi. Maestro alikuwa ndani anakunja waya wa ampli. Akatoka, akakaa karibu yangu na koti lake, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Muke yangu na batoto babili," akasema, "tulipotezana Rutshuru. Kila siku ya Yenga, kila siku ya kanisa, ninaimbisha na ninaangalia mulango, sawa vile weye ulikuwa unaangalia leo. Juu ya ile sipendi besi mubaya. Siku bakikuya, bakute tunaimba muzuri."

Kisha akainuka akaniambia nisichelewe mazoezi.

Sasa mwanangu, leta mkono wako niuone. Nyosha vidole, geuza kiganja kikutazame. Ukiona ukucha umechungulia juu ya nyama, huo ni mrefu kwa besi. Wa mkono wa kulia utagonga kabla ya kidole na kuharibu sauti yako. Wa kushoto ni mbaya zaidi, kwani utakuzuia kukandamiza uzi wima, kidole kitalala, kitagusa uzi wa jirani, na sauti itakoroma kama nani yule. Ukate ufuate umbo la kidole, kisha usugue kwenye jiwe la volkano mpaka usikwaruze nguo. Wala usikate kwa hasira kama mimi. Kata Alhamisi au Ijumaa, ili ngozi ipate kukomaa kabla ya Jumapili. Ukiwa unapiga waya wa breki mahali pasipo umeme, hayo yasahau, fuga ukucha wako na Mungu akubariki, kila chombo kina mkono wake.

Na hili la pili ni zito zaidi, likae nawe. Najua baba yako alikwenda na hajarudi. Najua hizo kucha umeanza kuzifuga kwa sababu kwenye ile picha yake ya ukutani kwenu anazo ndefu. Nimeelewa tangu nilipokuona, ndiyo maana nimekuita hapa badala ya kukuchekea mbele ya wenzako. Mtu unayemkumbuka usimgeuze kuwa kitu cha kukufunga mikono. Mkumbuke. Lia ukitaka, mimi hadi leo nalia, na yaya hajaonekana, na sitaki mtu aniambie kwamba nimeshazoea. Sikuzoea. Bado mtu akibisha hodi mchana nafikiri ni yeye. Lakini nimepiga besi miaka yote hii kwa kidole changu, watu wameimba juu yake, wameoana, wamezika, wamefurahi, na hilo nisingeliweza kwa ukucha wa mtu mwingine.

Nenda mwanangu. Mungu akupe kidole chenye subira na sikio linalosikia wenzako. Akulinde njiani, akulindie mama yako. Vita visikukute tena ukiwa na mzigo mgongoni. Na yule unayemngoja, siku atakayofika mlangoni, akukute unapiga.