Risiti Zilizogeuka Kola

Saa kumi na mbili asubuhi, Feruzi Kalonda anatoa cherehani yake barazani, mtaa wa Kabondo, na kuitia mafuta. Kisha anakata kola ya shati kwa kukadiria kwa macho.

"Patroni zangu zote ziko ku tribunal," anasema.

Patroni ni karatasi ngumu ambayo fundi hukatia kitambaa. Zake tatu za kola zimo ndani ya jalada la kesi mahakamani.

Mwaka 1955 Feruzi alikopa benki faranga 3,600 akanunua cherehani hiyo. Alilipa faranga 300 kila mwezi, miezi kumi na miwili. Mwaka huu, 1957, benki ilimshtaki kwamba amelipa miezi mitano tu, na ikaomba cherehani ikamatwe.

"Bila masini, niko mutu wa kubeba mizigo ku port," anasema. Ana watoto wanne.

Mahakama ilitaka risiti. Hakuziona. Siku tatu alipekua nyumba akilaani wezi, mpaka mkewe, Kadidja, alipochukua patroni moja mezani.

"Nikamuuliza: papa, hii ulibandika na nini?" anasimulia Kadidja, akicheka. "Akaigeuza, akakuta muhuri wa benki."

Fundi hatupi karatasi ngumu. Feruzi alikuwa amezibandika risiti kwa uji wa muhogo, nne nne, akazikata ziwe patroni za kola.

Mahakamani mjumbe wa benki alicheka: "Tumemudai faranga, ametuletea mashati!"

Hakimu hakucheka. Aliagiza beseni la maji ya vuguvugu. Karani wa mahakama, Hilaire, alibandua karatasi moja moja tangu saa tatu hadi adhuhuri. Zilikuwa kumi na mbili, pembe zimekatwa, lakini nambari na mihuri ilisomeka. Daftari la benki lilipokaguliwa, malipo saba yalikutwa yameandikwa kwenye ukurasa wa mteja mwingine.

Kesi ilitupiliwa mbali Alhamisi iliyopita.

"Nilikaa chini palepale," anasema Feruzi. "Polisi akasema simama. Nikamwambia: bon, chef, ngoja kwanza."

Juzi Hilaire alikuja kupimwa shati. Kola ya kwanza ilitoka upande. "Hii ungeileta tribunal, ungefungwa," alimwambia fundi, akakubali kungoja ya pili.

Feruzi anataka kununua cherehani nyingine kwa fedha taslimu, ya Kadidja, kabla ya Krismasi, msimu wa mashati.

Anaonyesha nakala ya hukumu. Anaipapasa kwa kidole gumba, anaikunja pembe kidogo.

"Karatasi muzuri," anasema. "Nguumu."

Kadidja anaichukua mkononi mwake, anaifungia sandukuni, na ufunguo anautia kwenye pindo la kitenge chake.