Uji wa Likizo

Nilitoka Mbeya kabla ya jua nikiwa na begi moja. Basi liliharibika Makambako, tukashinda pale tukitafuna mahindi ya kuchoma. Nikadandia lori lililokuwa likienda Mafinga kuchukua mbao, nikalala huko, na kesho yake nikashuka Ipogolo, Iringa, nimejaa harufu ya msonobari. Kutoka hapo nilipata pikapu ya kupanda Kilolo. Ukungu ulikuwa mzito, dereva akawa anatoa kichwa dirishani kuitafuta barabara. Nimezunguka sana, lakini safari ile ndiyo naikumbuka zaidi. Ndiyo ya mwisho ambayo nilifika mahali nikiwa sina hofu.

Usharika mmoja ulihitaji mtu wa kupika uji. Shule zikifungwa Juni, uji wa shuleni nao hukoma, na wazazi wengi hushinda mabondeni wakivuna. Watoto walikuja kanisani saa nne, kila mmoja na kikombe chake. Mama aliyesimamia jiko alinitazama viatu kwanza, kisha akanisalimu kwa Kihehe, akiniita ndugu.

"Kamwene, mnyalukolo. Umekuja kupika au umepotea njia?"

"Vyote viwili, mama."

Akacheka, akanipa mwiko.

Mahindi yalitoka kwa waumini. Kulikuwa na pipa nyuma ya pazia, na kila mtu aliingia peke yake kumimina alichonacho, ili aliyeleta debe na aliyeleta kibaba wasijuane. Kilichokwisha kumiminwa hakikuulizwa. Kilikuwa sadaka tayari. Niliipenda sana desturi ile.

Wiki ya pili, nikichota mahindi ya kupeleka mashine, mikono yangu ilitoka na vumbi jeupe. Nikanusa. Harufu ilikuwa kali kidogo. Bibi wengi kule huhifadhi mahindi kwa majivu, kwa hiyo nikajiambia ni majivu. Nikanusa tena, kisha nikafunga gunia. Mgeni kama mimi angeanzia wapi kuihoji sadaka ya watu?

Kesho yake watoto walikunywa uji wa unga ule. Msichana mmoja wa miaka sita hivi alikuwa na kikombe cha bati chenye maua. "Anko, jaza mpaka kwenye ua la juu," alisema, na nilimjazia mara mbili, kama kawaida yangu.

Walipokwisha kutawanyika, bibi mmoja alikuja akihema, fimbo mkononi.

"Mwanangu, mahindi yangu mmeshayapika? Binti yangu ameniambia sasa hivi kwamba aliyatia dawa ya wadudu. Mimi macho yangu haya, nilidhani ni majivu."

Mama wa jikoni aliweka sufuria chini taratibu. "Wewe wafuate watoto wa kule juu," aliniambia. "Mimi nashuka mtoni."

Majina ya watoto sikuyajua, nilijua vikombe vyao tu. Kikombe cha njano nilimkuta anakimbiza kuku. Cha bluu kisicho na mkono alilalamika tumbo, nikamwachia mama yake maagizo ya kumpeleka zahanati, nikaendelea kukimbia. Nyumba ya kikombe cha maua ilikuwa kilima cha mwisho. Nilimkuta ameegemea ukuta, ametapika, mate yanamtoka.

Nikambeba mgongoni. Kila aliponyamaza, nilimtikisa.

"Usilale. Kikombe chako kina maua mangapi?"

"Matatu."

"Hesabu tena."

"Ni matatu, anko. Hayaongezeki."

Nilimuuliza hivyo mpaka mlangoni mwa zahanati. Muuguzi alimpokea, akaniuliza alikunywa kiasi gani. Ilinibidi niseme, "Vikombe viwili. Nilimwongezea mimi." Niliketi nje kwenye baridi, nikinusa viganja vyangu.

Alipona. Wote walipona. Lile pipa lilimwagwa shimoni na pazia likaondolewa, na tangu hapo kila aliyeleta mahindi aliulizwa mbele ya watu. Baadhi walinuna. Bibi yule hakurudi tena jikoni.

Watoto walirudi. Msichana alisimama mbele ya sufuria, kikombe amekishikilia kifuani.

"Anza wewe," alisema.

Nikanywa. Wote walitazama koo langu. Ikawa hivyo kila siku: mimi kwanza, kisha wao, na baada ya hapo nilisimama mlangoni nikitazama nani anatembea vibaya.

"Likizo itakwisha, mnyalukolo," mama aliniambia. "Hiyo hofu yako je?"

Siku shule zilipofunguliwa niliosha masufuria, nikamrudishia mwiko wake. Alinisihi nibaki. Nikapanda pikapu ya asubuhi. Kwenye kona tuliwapita watoto wamevaa masweta ya shule, na yule msichana akanitambua.

"Anko! Desemba utakuja?"

Nilimpungia mkono tu. Wenzake wakapunga pia. Nikageuka nyuma, nikawatazama mmoja mmoja mpaka wakapotea, nikiangalia nani anatembea vibaya.