Mnyama Asiyetajwa Mbele ya Kuku

Juzi binti yangu alinifungulia kitabu cha wanyama, akaweka kidole kwenye picha ya mnyama mwembamba wa Ulaya aitwaye stoat. Nikamwambia huyo ni ndugu yake kicheche. Akataka kujua nyanya yangu alimwitaje kwa lugha ya kwao, kule mashariki mwa Kongo. Hapo, rafiki yangu, nilikifunga kitabu, maana jina hilo nililitafuta utoto wangu wote.

Tulikaa Bellevue, mtaa wa mjini huku kusini mwa bara, vyumba viwili ndani ya nyumba kuukuu iliyogawanywa. Uani nyanya alifuga kuku watano. Kila asubuhi kabla ya shule niliwamwagia makoko ya ugali, huku harufu ya sombe, majani ya muhogo, ikiwa imeshatanda ua mzima. Kicheche naye alikuwepo. Tulimwona akikatiza chini ya ukuta, mistari yake mgongoni. Nyanya alitukataza kumtaja. Kwao, alisema, ukitaja jina lake kuku wakisikia, umemwalika. Basi tulimwita Mgeni, na jina lenyewe la kwao aliahidi kuniambia siku atakapokuwa hana kuku.

Mwalimu wangu ndiye aliyenichochea zaidi. Alisema asili ya neno stoat haijulikani kwa hakika, ila wapo wanaodhani limetoka kwa Waholanzi, kwenye neno la kumsema mtu jasiri, lile lile ambalo wasemaji wa Kiafrikana hapa humkaripia nalo mtoto mtundu. Nilimpelekea nyanya habari hiyo mbio. Alicheka akashika mbavu: kumbe hata Wazungu waliogopa kumtaja, wakampa jina la utani.

Nikashindwa kuvumilia. Jioni moja niliacha mlango wa banda wazi, makusudi. Usinicheke, nilikuwa na miaka tisa, na nilitaka jina tu. Asubuhi tulikuta manyoya. Nyanya aliyaokota akayatia kwenye ndoo, wala hakuuliza nani aliacha mlango wazi. Alipomaliza alinawa mikono, akaketi kwenye ngazi ya jikoni, akaniita.

“Kuku zimeisha, mujukuu. Sasa uniulize.”

Nilitazama miguu yangu. Nikamwambia nimeshasahau nilichotaka kuuliza.

Hakunilazimisha. Mwezi uliofuata alileta vifaranga, na mimi, kwa aibu, sikuuliza tena mpaka tulipomzika. Ua ule siku hizi umemwagiwa zege, wapangaji wanaegesha magari. Nimewauliza wajomba na shangazi wote waliobaki. Kila mmoja ananijibu kwamba nyanya alimwita Mgeni.