Chenga kwa Bibi Tluway

Juzi, hapa Mbulu mjini, nilimwona fundi wa kebo akipima mawimbi nyumba kwa nyumba, nikakumbuka mwingine wa utotoni mwangu, nikageuza njia.

Nilikuwa darasa la pili. Televisheni ya jirani yetu, Bibi Tluway, ilikuwa inaonyesha chenga tupu na kuvuma kama mvua juu ya bati, akaita fundi. Fundi alichomeka waya wa Bibi kwenye kipimo, akasoma namba ndogo. Akaufuata ule waya hadi nyuma ya jiko letu, penye uvundo wa maji ya vyombo, akakuta kiungo kilichofungwa selotepu nyeusi. Akaingia kwetu kupima, namba ikaruka juu. Nilidhani ni alama kama za mtihani, nikapiga makofi.

"Tumemshinda Bibi!"

Leo najua ni baba aliyeukata waya wa Bibi na kuunga wetu. Fundi naye alijua palepale, ila baba alikuwa mwalimu wake zamani.

"Waya wake umechakaa tu, au siyo?" baba alimuuliza.

"Ndiyo, mwalimu," fundi akajibu, akitazama chini.

Wakaenda kwa Bibi.

"Shikamoo mama. Pole, waya wako umezeeka," fundi akamwambia.

"Marahaba. Asanteni wanangu kwa kunihangaikia."

Jioni Bibi alituletea maziwa ya kibuyu yanayonukia moshi. Baba alikunywa, akacheua, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Bibi wa watu, hajui hata picha zake zinaishia wapi," akasema, akaangua kicheko.

Sikuelewa, lakini nilicheka naye.