Nukta Isiyo na Mstari

Mwalimu Idarusi hakuwahi kuingia nyumbani kwake bila kukohoa. Akifika kibarazani husimama, hukohoa, hujishughulisha na viatu vyake mpaka aridhike kwamba kama ndani mna mwanamke wa watu, ameshajitanda au ameshatokea uani. Ndivyo alivyolelewa kwao Tongoni, na mtaa mzima wa Nguvumali ulimsifu kwa heshima hiyo. Laiti angeingia kwa pupa siku moja tu!

Alisomesha hesabu, lakini za vitabuni hazikumtosha. Kila jambo la mtaani alitaka kulitia ubaoni. Watu walipokuwa wakitiana ngeu bombani kwa zamu ya ndoo, alikaa pale akitazama nani anakuja wakati gani, akachora nukta na mistari, kisha akamshauri mfungua bomba awahi kidogo kabla wachukuzi wa bandarini hawajarudi. Ugomvi ukaisha. Wakamtania, wakamwita Mwalimu Mistari, na maji wakayachota kwa raha zao.

Basi katika miaka ile ya hamsini, ndui ikaingia. Ilianza kusikika Moa, ikateremka na pwani mpaka mjini. Bwana Afya wa mtaa, Abrahamu, Mbondei mpole aliyekuwa rafiki wa Idarusi, akaja uso umemshuka. Dawa ya chanjo aliyokuwa nayo haikutosha hata robo ya watu, na nyingine haikujulikana ingefika lini. Amchanje nani, amwache nani?

Idarusi akatoa ubao. Kila ambaye hajachanjwa akawa nukta, na kila anakokwenda kukawa mstari. Ndui haitembei yenyewe, alimweleza rafiki yake, inabebwa na watu. Kwa hiyo waanze na wenye mistari mingi: muuza maziwa, mkunga, mama wa maandazi. Ukimkinga mmoja wa hao umewakinga wote wanaomzunguka. Lilikuwa wazo zuri, na yeyote anayelicheka leo namwambia kabisa kwamba hajui anachokicheka.

Akazunguka nyumba hadi nyumba akiwauliza waume, maana wanawake hawakumtokea, watu wa humo huenda wapi. Kwake alimuuliza mkewe, Mwanamkasi, habari za binti yao wa pekee, Asmahani. Huyu alizaliwa na mguu mbovu, hakupelekwa shule, na chanjo za shule zikampita. Sasa alikuwa mwanamwali, anashinda ndani.

"Asmahani huenda wapi?"

"Na mguu ule aende wapi?" Mwanamkasi alilishangaa swali lenyewe. "Haendi popote."

Idarusi akaweka nukta pembeni mwa ubao, haina mstari hata mmoja, na jina la mwanawe likawa la mwisho.

Siku ya kuchanja, Mwanamkasi alimshika kanzu akamsihi. Mtoto mwenyewe ni huyu huyu mmoja, atengewe tone tu la dawa, nani atajua? Idarusi alimpenda binti yule kupita kiasi. Lakini akianza na wake, kila baba atakuja na wake, na ubao utakuwa upuuzi mtupu. Akamwambia mkewe kuwa asiyekutana na mtu ndiye aliye salama kuliko wote. Na aliamini, wallahi, hilo ndilo linaloniuma. Dawa ikaisha.

Haukupita muda Asmahani akashikwa na homa, na maumivu ya mgongo yaliyomliza. Kisha uso ukatoka vipele. Idarusi alikaa sakafuni kando ya kitanda akirudia kwamba haiwezekani, haiwezekani, kama mtu anayebishana na hakimu.

Abrahamu akaja na karatasi. Ilimbidi ajue ni akina nani wamemkaribia mgonjwa. Idarusi akajibu kwamba hakuna, na ubao uko pale autazame.

Nyuma ya pazia Mwanamkasi akaanza kutaja majina. Mastura, binti wa Mzee Sadalla. Mke wa Hatibu mwenye duka. Bi harusi wa juzi, na dada zake wote. Akaendelea kutaja mpaka Abrahamu akamwomba aende polepole. Asmahani alikuwa msusi. Mikono yake ilisifiwa, na wanawake wa mtaa mzima walikuja kukaa mkekani pake wakishajua mwalimu yuko shuleni. Wakisikia kikohozi kibarazani hujitanda haraka, hutokea mlango wa uani, wengine nywele nusu zimesukwa, wakijizuia kucheka. Huo ndio utulivu aliokuwa akiukuta mwenye nyumba kila siku.

"Kwa nini hukuniambia?" Idarusi akamuuliza.

"Uliniuliza huenda wapi. Hukuniuliza nani huja." Kisha Mwanamkasi akaangua kilio, maana wageni aliwajua, ila hakujua kwamba wao nao ni mistari. "Kwa hesabu yako mwenyewe, Baba Asmahani, mwanangu alikuwa wa kwanza."

Binti akapelekwa karantini nje ya mji, na mwalimu akaenda naye, akawa anamlisha uji kwa kijiko mpaka midomo ikakataa. Dawa nyingine ilipofika, kwake ilikuwa imechelewa. Abrahamu aliwafuata wale wanawake jina kwa jina akawachanja, na wengi wao wakanusurika. Watu walimwendea Idarusi kumweleza hilo ili wampoze. Aliitikia kwa kichwa tu. Hakutaka kusikia, na mimi simlaumu.

Baada ya matanga alirudi shuleni. Siku ile ya kwanza, saa za kutoka, alifika kibarazani kwake, akakohoa, akavua viatu taratibu, akangoja. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, sikio kalitega upande wa uani. Hakukuwa na wa kutoka.